Karatasi ya Masizi

Ukimkuta Mzee Enoka Silwimba asubuhi pale kwake Chapwa akiosha vikombe vya chai, utadhani anaandaa vyombo vya meza ya Bwana. Kikombe anakiinua kwenye mwanga, anakigeuza, anakinusa, na akiona doa anakirudisha majini bila huruma. Mkewe, Fides, anayeuza vitenge sokoni karibu na mpaka, amekwisha choka kumwambia kwamba kikombe ni kikombe tu.

"Baba Tumaini, tunakunywa chai, hatupimi sumu."

Mzee hucheka, kisha huendelea kuosha. Alifanya kazi miaka thelathini na minane katika idara ya famakolojia ya Chuo cha Tiba Mtondoo, akiosha vyombo vya kioo ambavyo tone moja la dawa ya jana lingeweza kuharibu kazi ya leo. Tabia kama hiyo haimtoki mtu kwa sababu tu kapewa barua ya kustaafu na saa ya ukutani.

Famakolojia, kwa ambaye hajawahi kulisikia neno hilo, ni elimu ya kujua dawa inafanya nini ikishaingia mwilini. Enoka naye hakuwahi kulisikia. Mwaka 1977 alikuwa kijana wa Ndalambo mwenye miaka ishirini na miwili, elimu yake darasa la saba, aliyepanda treni Tunduma kumfuata mjomba aliyekuwa mpishi pale chuoni. Alitarajia kumenya viazi. Lakini idara ilikuwa na umri wa miezi minne tu, imepewa chumba kilichokuwa stoo ya vitanda, na mkuu wake, Profesa Zahoro, alikuwa amezungukwa na masanduku saba ya mbao kutoka ng'ambo ambayo hakuna aliyethubutu kuyafungua. Maelezo yake yalikuwa ya Kijerumani. Enoka alikwenda pale kupeleka chai, akaona msumari umelegea, akauvuta. Kufikia jioni mashine ya kwanza ilikuwa imesimama mezani, na Enoka alikuwa ameajiriwa. Viazi vikabaki kwa mjomba.

Mashine hiyo waliiita ngoma. Ni silinda ya bati nene, ukubwa wa ndoo ndogo, inayozunguka taratibu kwa kamani kama ya saa. Unaivisha karatasi nyeupe laini, kisha unaipitisha juu ya moshi wa taa ya mafuta mpaka karatasi iwe nyeusi tii kwa masizi. Pembeni kuna chombo cha kioo chenye maji ya chumvi, kimezungukwa na maji mengine ya kukitia joto, na ndani yake kipande cha utumbo wa sungura, urefu wa kidole. Utumbo ule, ukipata hewa na joto la mwili, hujikunja na kujikunjua wenyewe saa nzima na zaidi, kana kwamba haujapata habari kwamba sungura kafa. Uzi unatoka kwenye utumbo kwenda kwenye kijiti, na ncha ya kijiti inakwaruza masizi. Utumbo ukijikunja mstari mweupe unapanda, ukijikunjua unashuka. Unatia dawa, halafu unatazama karatasi ikusimulie. Enoka alilielewa jambo hilo siku ya kwanza, na wako madaktari wakubwa leo hii ambao liliwachukua muhula mzima.

Kufukiza karatasi kulikuwa ufundi. Masizi yakizidi, kijiti kinakwama. Yakipungua, mstari hauonekani. Enoka alifukiza karatasi iliyokoza sawasawa toka ukingo hadi ukingo, na hakupenda mtu mwingine aiguse taa yake. Kazi ikiisha aliichovya karatasi katika vanishi ili masizi yasifutike, akaianika kwenye kamba kama nguo. Na kabla ya kuichovya alichukua sindano akaandika pembeni, ndani ya masizi, tarehe, namba ya sungura, na joto la maji mara mbili, la mwanzo na la mwisho. Kuandika joto hakuna aliyemwagiza. Wasomi walikuwa na madaftari yao. Yeye alikuwa na kona ile ya karatasi, na aliilinda kwelikweli.

Sasa tuje kwenye mwaka 1983, maana mwaka huo ndio ulioingia na Enoka mpaka uzeeni.

Waliokuwapo wanaukumbuka. Sabuni hakuna, betri hakuna, mafuta ya taa mpaka uwe na kibali. Hita ya umeme ya maabara ilikuwa imeungua tangu Pasaka, kwa hiyo Enoka alikuwa akipasha yale maji kwa jiko la mafuta ya taa aliloliweka chini ya meza. Mgawo wa idara ulikuwa mdogo, na huo huo ulilisha vinywa viwili: jiko la kupasha maji na taa ya kufukizia karatasi.

Mwezi Juni alirudi kutoka likizoni Ndalambo na mizizi iliyofungwa katika kipande cha kanga. Ilikuwa ya mama yake, Loisi, mwanamke ambaye watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali, hata ng'ambo ya mpaka, kwa ajili ya msokoto wa tumbo. Jina la mti hakulitaja. Dawa ikitajwa mbele za watu inakimbia, alisema, na mwanawe hakumbishia. Profesa Zahoro aliichemsha mizizi, akaichuja, akaandika kwenye chupa: Mzizi wa Ndalambo.

Siku ya kuijaribu, mafuta yalikuwa yamebaki kidogo sana. Enoka alijaza jiko, akafukiza karatasi, na karatasi ikatoka na mabaka. Si mabaka ya kutisha. Fundi yeyote mwingine angeivisha ngoma akaendelea na maisha. Lakini ilikuwa dawa ya mama yake, na Enoka hakuwa tayari mama yake aandikwe juu ya karatasi yenye mabaka. Akachota mafuta kutoka kwenye jiko, akayatia kwenye taa, akafukiza karatasi ya pili. Ikatoka nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Jikoni yalibaki mafuta ya kulowesha utambi tu, naye akajiambia yatatosha.

Wakaanza. Maji yalikuwa nyuzi thelathini na saba. Utumbo ukacheza vizuri, mstari ukapanda na kushuka. Profesa alipoona umetulia kwenye mwendo wake akatia dawa, wakangoja. Baada ya dakika kadhaa vilima vya mstari vikaanza kufupika. Vikafupika tena. Mwisho mstari ukalala, mnyoofu, kimya kabisa.

"Dawa ya mama yako, Enoka!" Profesa alinong'ona, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Enoka aliegemeza kiganja kwenye kioo ili aione karatasi vizuri. Kioo kilikuwa baridi. Akainama chini ya meza, akakuta jiko limezimika, na hakujua limezimika tangu saa ngapi. Alifanya anachofanya fundi akiona kitu kimeharibika: alirekebisha. Akalitilia jiko mafuta yaliyokuwa yamebaki ndani ya taa, akaliwasha, akachukua chupa ya chai ya Profesa iliyokuwa na maji ya moto, akayamimina katika maji yaliyozunguka chombo. Dakika hiyo hiyo Profesa, ambaye macho hayakubanduka kwenye karatasi, alikuwa anautoa mchuzi wa dawa na kutia maji mapya ya chumvi, kama taratibu zinavyotaka. Utumbo ukapata joto. Ukaanza kucheza tena.

Hebu tazama jambo hilo. Mstari unapanda na kushuka, dawa inaingia, mstari unalala, dawa inatoka, mstari unaamka. Hakuna mwalimu wa famakolojia duniani ambaye angeona karatasi ile asipige makofi. Profesa Zahoro alifanya zaidi ya hapo, alimkumbatia. Enoka alikuwa amefungua kinywa kusema, "Profesa, jiko lilizimika," na kifua cha Profesa kikakiziba. Kisha Profesa akaita wanafunzi kumi na wanne waliokuwa kwenye korido, akawapanga mbele ya ngoma, akasema, "Leo mwalimu wenu ni Enoka." Wakasimama wote, hata wale waliozoea kumwita "wewe wa vioo".

Maneno yakafika kwenye meno, akayameza. Alipanga kuyatema mchana. Mchana Profesa alikuwa ameshakwenda kwa mkuu wa chuo na karatasi mkononi. Alipanga kuyatema kesho yake, na kesho haikuwa na mwisho. Jioni ile, kabla ya kuichovya karatasi kwenye vanishi, alichukua sindano akaandika joto la mwanzo, 37. Alipofika kwenye joto la mwisho mkono ukasimama. Kuandika 37 kulikuwa uongo. Kuandika ukweli hakuweza, maana hakuupima. Akapaacha wazi.

Karatasi ikatiwa fremu, ikatundikwa koridoni. Profesa akaandika kurasa mbili katika jarida la nje, idara ikapata jina, na kila mgeni aliyekuja alisimamishwa pale mbele ya fremu. Profesa alirudia jaribio mara mbili, halikutoka. Akasema mizizi ya safari hiyo ilichimbwa msimu wa mvua. Baadaye alipewa madaraka makubwa, hakurudi tena kwenye meza ya maabara, na mwaka 2001 akafariki. Mama Loisi alisomewa zile kurasa mbili na mwanawe, neno kwa neno, kwa Kinamwanga. Aliuliza jina lake liko wapi. Akaonyeshwa mstari wa mwisho, mahali pa shukrani, akapagusa kwa kidole. Kurasa zile aliziweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani mpaka alipozikwa mwaka 2006.

Enoka akastaafu mwaka 2015, akarudi Tunduma, akajenga Chapwa, akawa mzee wa kanisa. Mtu mpole, hana ugomvi, hadhulumu. Kitu kimoja tu hakupata kumwambia mtu, hata mkewe, nacho ni jiko lile.

Mwezi Machi mwaka huu simu ilipigwa kutoka Mtondoo. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni Dokta Irene, daktari wa tiba na mhadhiri wa idara. Wanaandika kitabu cha historia ya idara kwa ajili ya miaka hamsini, alisema, na watu waliokuwapo tangu mwanzo wamebaki wachache. Yeye atakuwa Mbeya kikazi. Je, mzee atakubali afike Tunduma waongee? Enoka alikubali kabla hajafikiri, kwa sababu mtu akiulizwa habari za ujana wake huwa hafikiri. Alipokata simu ndipo ilipomjia kwamba kitabu cha idara hakiwezi kukosa karatasi ile.

Irene alifika siku ya Alhamisi asubuhi. Mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, viatu vyake vimejaa vumbi la kupita pembeni mwa foleni ya malori. Alipiga goti kidogo kumsalimu Fides, akamwamkia mzee, akaweka simu mezani irekodi.

Na Enoka akasimulia! Alisimulia masanduku saba. Alisimulia vyura waliotoroka siku ya ukaguzi wakaingia ofisi ya mkuu wa chuo, na wakaguzi wakapanda juu ya viti. Alisimulia mwanafunzi aliyezimia kwa kuona damu ya sungura, ambaye sasa ni daktari bingwa wa upasuaji na huwa anajidai hakumbuki. Alisimulia kompyuta zilivyokuja mwaka 2004 na ngoma zikabebwa kwenda stoo, na yeye akakaa siku nzima bila hamu ya kula. Irene alicheka mpaka akafuta machozi. Fides, aliyesikia hadithi hizo mara mia, alisogeza kiti naye asikie ya mia na moja.

Kisha Irene akachukua simu nyingine, akaifungua kwenye picha.

"Mzee, nimezipata karatasi zako stoo. Arobaini na moja. Zote nimezipiga picha." Akapitisha kidole, moja baada ya nyingine. "Kila moja umeandika joto mara mbili, mwanzo na mwisho. Hakuna uliyoruka. Halafu hii ya ukutani, ambayo tunataka kuiweka kwenye jalada, ina joto la mwanzo tu. Ilikuwaje?"

Enoka alitazama picha. Ilikuwa imetoka safi sana.

"Nilisahau," alisema.

"Wewe usahau?" Irene akacheka. "Haya. Siku yenyewe ilikuwa kubwa."

Mzee alishika birika akammiminia chai ambayo hakuiomba. Angeweza kuishia hapo, na kwa kweli alitaka iishie hapo. Lakini Irene, akiwa anakusanya simu zake, aliongea jambo jingine, tena bila kulalamika, kama mtu anayeeleza kwa nini hatafika arusini.

Mzizi wa Ndalambo ndio ulikuwa utafiti wake wa udaktari wa falsafa. Miaka miwili sasa. Mizizi aliichimba mwenyewe pamoja na wazee wa kule, kiangazi na masika. Sungura kumi na tisa. Mashine mpya, kompyuta, kila kitu. Utumbo unacheza, anatia dawa, utumbo unaendelea kucheza kana kwamba kaumwagia maji ya kunywa. Mkuu wa idara, Dokta Danford, alimwita akamwambia kwa upole kwamba mambo haya mengine ni mkono tu, wako waliojaliwa na wako wasiojaliwa, na si aibu. Barua ya kuacha utafiti ilikuwa kwenye mkoba wake. Jumatatu angeiwasilisha, abaki kufundisha.

"Nimekubali, mzee. Mwaka 1983 nyinyi mliweza kwa masizi na kijiti. Mimi nina kila kitu, nimeshindwa. Basi tatizo ni mimi."

Aliaga. Analala gesti moja karibu na barabara kuu, alisema, na kesho saa nne anarudi Mbeya.

Mchana huo Mzee Enoka hakuosha kikombe. Saa kumi na mbili jioni Fides alitenga ugali na maharage, akaona mume anachota tonge analizungusha mkononi mpaka linapoa.

"Baba Tumaini, huyu binti kakuudhi nini?"

"Hajaniudhi."

"Basi wewe umemuudhi."

Ndipo akamwambia. Miaka arobaini na miwili, na ilichukua muda mfupi kuliko kula ugali ule. Alimweleza jiko, chupa ya chai, wanafunzi kumi na wanne. Alimweleza kinachomuuma zaidi: akisema, jina la mama yake litaondolewa kwenye kitabu, na jina la Profesa, mtu aliyemtoa kwenye viazi, litachekwa na watoto waliozaliwa juzi. Na lake mwenyewe, fundi aliyeharibu kazi kubwa ya idara nzima. Asiposema, binti wa watu atapeleka barua yake Jumatatu. Alilia kidogo. Hakuona haya kulia mbele ya Fides, walishazika wazazi na mtoto mmoja pamoja.

Fides alinawa mikono, akafuta kwa kanga.

"Mama yako hawezi kuaibika tena, na Profesa naye hawezi. Huyu binti anaweza. Mimi ninachokuuliza ni hiki: wewe unamwogopa nani?"

Enoka aliinuka, akaenda kulitafuta koti lake la kanisani.

Ijumaa alilivaa. Waendesha bodaboda walimwita, akakataa, akatembea kwa miguu toka Chapwa hadi barabara kuu, akipita malori ya Zambia na Kongo yaliyosimama pua kwa mkia, madereva wakipiga mswaki kwenye ngazi za milango. Ilikuwa kama saa mbili na nusu. Alipiga moyo konde kila baada ya lori la tano, na kila baada ya lori la tano moyo ulirudi nyuma. Mficha uchi hazai, alijikumbusha, akaona msemo huo ni rahisi kwa asiyekuwa na la kuficha.

Alimkuta Irene kwenye ua wa gesti akinywa supu na chapati. Hakungoja kukaribishwa kiti.

"Daktari, jana nilikudanganya. Sikusahau."

Akamweleza yote, amesimama, mikono mgongoni. Irene aliacha kijiko ndani ya bakuli. Swali lake la kwanza lilikuwa la kitaalamu, na Enoka alimheshimu kwa hilo.

"Maji yalishuka mpaka nyuzi ngapi?"

"Sikupima. Yalikuwa baridi mkononi."

"Chini ya thelathini?"

"Chini sana."

"Na uliyapasha wakati uleule anaosha dawa."

"Wakati uleule."

Irene alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetua mzigo asiyeamini kama kweli uko chini, na kicheko kikageuka kabla hakijaisha.

"Sungura kumi na tisa, mzee. Nimekaa miaka miwili naamka nikitazama mikono yangu. Jana nimekueleza yote hayo, nawe umeninywesha chai!"

"Ndiyo."

"Ukaniacha niondoke."

"Ndiyo, mwanangu. Nilikuacha."

Alikuwa amekasirika kweli, na alikuwa na haki. Enoka hakujitetea kwa uhaba wa mwaka themanini na tatu wala kwa mama yake. Alisimama tu pale mpaka Irene mwenyewe alipomsogezea kiti kwa mguu. Akaketi. Supu ikapoa.

"Kitabu kitabadilika," Irene alisema baadaye, kwa sauti ya kawaida. "Na mimi siwezi kumpelekea Dokta Danford habari hii peke yangu. Atadhani nimetunga kujinusuru. Utamwambia wewe."

"Nitamwambia."

"Sasa hivi."

Dokta Danford Enoka alimjua vizuri. Alikuja idarani mwaka 1995, mhadhiri kijana, mchangamfu, siku zote koti lake lina harufu ya maabara. Halafu ghafla akaacha kushika vyombo, akawa mtu wa chaki na ubao. Miaka mingi Enoka alimtania kwamba anaogopa damu ya sungura, na Danford alitabasamu tu. Moyoni Enoka alimweka kwenye fungu la wavivu, si kwa ubaya.

Irene alipiga, akawasha spika; simu ikaitikiwa haraka, sauti ikasikika ua mzima.

"Mzee Enoka! Shikamoo! Dokta Irene kakukuta? Tunakusubiri kwenye sherehe, mzee, utakaa meza ya mbele."

"Marahaba, Daktari. Kaa chini kwanza."

Akasimulia kwa mara ya tatu. Mara hii ilikuwa fupi zaidi, kwa sababu alikwisha jua maneno gani ni ya lazima na yapi ni ya kujipaka mafuta. Akamaliza. Irene alitazama simu kama imekatika. Haikukatika.

"Lilizimika," Danford alisema.

"Lilizimika, Daktari. Nilichota mafuta yake mwenyewe."

"Mzee." Alikohoa. "Mwaka tisini na sita, likizo ya Desemba, nyinyi wote mlikuwa mmekwenda makwenu. Nilichukua ufunguo kwa mlinzi. Nilijifungia na ule mzizi siku kumi na moja, peke yangu, mtu asijue. Sikupata kitu. Januari nikamwambia Profesa nataka kufundisha tu. Hakuniuliza kwa nini."

Enoka akaivuta simu karibu.

"Nilidhani ni mikono yangu," Danford alisema.

"Nisamehe, mwanangu," Enoka alisema. Hakuwahi kumwita hivyo, siku zote alimwita Daktari.

Ilisikika pumzi, kisha kitu kama kiti kinasogezwa, kisha pumzi tena, nzito, zenye kukatika. Irene aliinuka taratibu, akachukua bakuli lake la supu, akaenda kusimama mbali, karibu na geti. Mzee Enoka akazima spika, akabaki na simu sikioni. Mtu wa miaka hamsini na sita alikuwa analia sikioni mwake. Hakukata simu, alikaa nayo mpaka Danford alipomaliza.